Ndoo Aliyoifunga Mama

Marehemu mke wangu hakuwa na mchezo na unyevu. Alichoma nyama za kuuza kwa jiko linalokula vidonge vya kuni, vile vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Kila jioni jiko likishapoa, alitoa vidonge vilivyobaki ndani yake mpaka cha mwisho, akavichekecha, akavimimina kwenye ndoo na kuupigia goti mfuniko mpaka ubane. Mimi, fundi viatu, nilimtania: "Unafunga vidonge au unafunga jini?"

"Vikinywa maji vitavimba, vitaziba jiko, na wewe ndiye utakayelala njaa, mzee."

Alinifundisha kuvipima. Kidonge kizima ukikivunja kinalia tak. Kilichoharibika hakisemi kitu.

Alipofariki ilibaki ndoo moja, aliyoifunga kwa goti lake siku mbili kabla ya kulazwa. Binti yetu alikuwa masomoni mbali, hata mazishi hakuyawahi. Kwenye simu alilia, akaniomba jambo moja tu: "Nitunzie hiyo ndoo, baba. Nikirudi nile nyama yenye moshi wa mama, hata mara moja." Nikamwahidi. Nikaiweka juu ya ubao, mbali na sakafu.

Mwaka ukapita, Jumamosi moja akafika. Akaosha nyama, akaitia chumvi, akafungua ndoo. Akavunja kidonge karibu na sikio. Hakikulia. Kilimomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa unga na ukungu.

"Mfuniko umepasuka?" Akaupapasa pande zote. Ulikuwa mzima.

"Labda mvua," nikasema. "Mwaka huu zimezidi."

"Mvua imeingiaje kwenye ndoo iliyofungwa, baba?"

Nikajifanya natafuta kiberiti, lakini njia ya mwongo ni fupi. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye viatu vyangu, nilifungua ile ndoo nikaingiza pua. Ilikuwa na harufu ya mikono ya mama yake, ya nguo zake, ya nyumba yangu ilipokuwa nyumba. Siku za mvua nilikaa hata robo saa, mfuniko mapajani, dirisha wazi. Nilijua unyevu unaingia. Kila siku nilijiambia ni leo tu. Harufu ilipoanza kupungua, nikawa nafungua mara mbili kwa siku.

Sikumficha kitu. Nilikuwa mpweke, nikawa mchoyo.

Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliurudisha mfuniko juu ya ule unga usiofaa kitu, akaupigia goti, vilevile kama mama yake. Nyama ilikuwa bado kwenye sinia, inzi wameshaanza kuizunguka.

"Mwaka mzima umemnusa peke yako," akasema. "Mimi umenibakishia nini, baba?"