Jina la Mwalimu Elius

Mwalimu Elius alifuta ubao wa kwaya pale kanisani Mjimwema, akapangusa chaki kwenye suruali. Alikuwa ametungia kwaya, redio, maigizo ya shule, harusi na misiba. Mchana huo filamu ya mwongozaji Aloyce, yenye muziki wa Elius, ilikuwa inaoneshwa Makambako, naye alikuwa na haja moja tu: kuliona jina lake pale mwisho, angalau mara moja, kabla hajazeeka kabisa.

Ukumbini baridi ilikuwa kali. Akina mama wa Kitandililo, walioimba kwenye filamu hiyo, walikuwa wamemwekea kiti.

"Kamwene, mwalimu," alimsalimu mama Esnath, akimfunika magoti kwa nusu ya kitenge chake. "Umekonda, au ni koti?"

"Ni koti, mama."

Filamu ikaisha. Majina yakapita: dereva, mpishi, hata mwenye mbwa. Kwenye muziki likaandikwa jina la studio.

Elius akamfuata Aloyce mlangoni.

"Mwalimu, studio ndiyo iliyorekodi," Aloyce alisema. "Bila wao nani angekusikia?"

"Na bila mimi wangerekodi nini?"

"Usikasirike, baba. Hata kwenye ofisi ya hakimiliki imeshasajiliwa hivyo. Filamu ijayo tutakukumbuka."

"Ndivyo ulivyosema filamu iliyopita."

Elius akageuka kuondoka. Lakini mama Esnath alikuwa ameshasimama, kama wanavyosimama kanisani kabla ya kuimba.

"Bwana asifiwe. Wimbo mliousikia umetungwa na mwalimu wetu, Elius Mgaya. Tunawaimbia."

Elius akarudi mbele ya akina mama, akaigawia kila sauti noti yake ya kuanzia, akainua mkono. Wakaimba. Kijana aliyekuwa akipanga viti vya plastiki alikiweka chini alichokishika, taratibu, kisigonge. Watu waliokuwa wakitoka wakageuka.

Ubeti wa pili, Aloyce akasogea na simu yake juu.

"Hapohapo, mwalimu, safi sana. Hii tutaiweka sehemu ya pili ya filamu."

Elius akaitazama ile simu kwa muda. Kisha akafunga ngumi, ishara aliyowafundisha ya kukata sauti. Wote wakanyamaza mara moja, katikati ya neno.

"Mbona mmeacha?" Aloyce akauliza.

Mama Esnath alimfunga mwalimu kifungo cha juu cha koti, wakatoka pamoja kwenye upepo. Nyuma yao, simu ya Aloyce ilikuwa bado inarekodi viti vitupu.