Runinga ya Mlango wa Mtambo

Runinga ile walipoitundika juu ya mlango wa mtambo, wanawake wa banda la kupepeta walicheka mpaka vumbi la alizeti likawapalia. Severina alipiga goti akasema, "Shikamoo bibi runinga!" Hata mzee Chediel, msimamizi wao, alicheka, ingawa tangu siku hiyo alikatazwa kusoma matangazo kwa mdomo kama alivyozoea enzi za ushirika, kabla kiwanda hakijauzwa. Kila kitu kipo ukutani, aliambiwa.

Kicheko kiliisha wiki ile ile. Ungo haukuachii kusimama utazame picha, na maandishi yalipita kabla hujayamaliza. Nusu yao hawakujua kusoma. Mwenye darasa la saba na macho mazuri alikuwa Selina, binti wa Mungaa aliyepanga chumba mjini Singida, na tena alikaa akielekea mlango. Basi kazi ikawa mbili: pepeta, inua shingo, soma, inama, pepeta. Jioni shingo yake ilikuwa kama imefungwa ubao.

"Imesemaje, mwanangu?" mama Luciana huuliza. Mama huyu alikuwa na misimu tisa pale bandani, yote ya kibarua. Msimu huu uongozi ulikuwa umeahidi mikataba minne ya kudumu kwa wapepetaji kumi, na mama Luciana hakuwa na wimbo mwingine.

Ijumaa saa sita na robo, wapepetaji wakiwa bado kwenye chakula, umeme ukakatika. Uliporudi saa tisa, runinga ikawaka. Selina aliinua shingo, akasoma kwa sauti: "Jumamosi hakuna kazi. Mitambo inasafishwa." Wenzake wakapiga vigelegele. Mama Luciana alisema atapanda gari kwenda Mungaa kumwona dada yake mgonjwa.

Jumamosi asubuhi Selina alipita karibu na kiwanda akienda kusaga, akasikia mtambo ukinguruma. Akaingia. Filipo, meneja kijana, alikaa na makaratasi mezani.

"Wenzako wako wapi? Tangazo nimeliweka jana saa sita. Leo ni kujiandikisha mikataba."

Hapo Selina akaelewa. Mara mbili huko nyuma alishaona kwamba runinga ile ikikatikiwa umeme, ikiwaka tena huanza na matangazo ya zamani, mpaka mtu wa ofisini aibonyeze upya. Alilijua hilo. Jana uchovu ulimfanya asome tu kama anayesukuma gunia lifike. Aliduwaa, kalamu ikawekwa mbele yake, akatia sahihi. Nafasi tatu zilizobaki Filipo akawapa wasichana wa kufungasha mashudu.

Jumatatu habari zilimtangulia bandani.

"Msomaji wetu huyo!" Severina alisema, nyungo zikiwa zimesimama. "Sisi umetusomea mapumziko, wewe ukajisomea ajira."

"Nilikosea, dada. Sikukusudia."

"Ukakosea mpaka ukatia sahihi?"

Selina akauinamia ungo wake. Mama Luciana alipepeta bila kumtazama, na hilo ndilo lililomchosha Selina kuliko maneno yote ya Severina.

Selina alipepeta madebe matatu akiwaza. Akinyamaza, maneno yatapoa, na yeye atakuwa na mshahara wa kila mwezi mwaka mzima. Akisema, orodha itafutwa, na ikianza upya watahesabu misimu ya kila mtu. Yeye alikuwa na miwili. Alijua hesabu hiyo kabla hajasimama. Akasimama, akamwendea mzee Chediel kwenye mizani.

"Shikamoo mzee. Naomba unisindikize kwa meneja."

Filipo aliwasikiliza huku anaandika. "Runinga haidanganyi, dada. Watu hawasomi tu."

"Naomba uizime pale ukutani, kaka, halafu uiwashe."

"Nina kazi."

"Izime, meneja," mzee Chediel alisema taratibu. "Haichukui dakika."

Filipo akatoka nao, akachomoa waya, akachomeka. Kioo kilikaa cheusi, kikaonyesha nembo ya kiwanda, kisha maandishi makubwa: Jumamosi hakuna kazi. Mitambo inasafishwa. Filipo alitazama mpaka yakapita na kurudi tena. Akajikuna shingo.

"Hili ni la wiki mbili zilizopita."

"Ndilo nililowasomea," Selina alisema.

Filipo alivuta pumzi. "Basi tunafuta. Wasichana wa mashudu nitawaeleza mwenyewe. Tunaanza kwa misimu ya kazi, kuanzia wa zamani. Na wewe unaelewa hapo utakuwa wapi?"

"Naelewa."

Mchana mzee Chediel alisimama katikati ya banda na karatasi mkononi, akasoma majina manne kwa sauti yake ya zamani, akarudia kwa Kinyaturu kwa ajili ya mama mmoja. La kwanza lilikuwa la mama Luciana, la nne la Severina. Severina alitazama chini.

Mama Luciana aliweka ungo chini, akasogea, akamshika Selina mkono uliojaa makapi.

"Na wewe, mwanangu?"

"Msimu haujaisha, mama. Bado nina siku nne za kibarua."

Gunia jingine lilikuwa limefunguliwa. Selina akachota, akaanza kupepeta.