Tawi la Finland

Eyotaru alikuwa kibandani kwake, akiipepea kompyuta kwa ungo. Feni ya ndani ilikufa tangu mvua za kwanza, ubavu wa sanduku ukavuliwa, na mashine ikawa inahema kama mgonjwa wa pumu, usipoipepea, inazima. Wapita njia wa Koboko walikuwa wamezoea. Mama mzima anapepea chuma! Naye huwajibu kwamba chuma hakimtukani.

Leo, lakini, alipepea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chai. Kazi kubwa haikuwa humo. Kazi ilikuwa Finland.

Eyotaru huchora nyumba ambazo hazijajengwa, mpaka mtu aone kivuli cha mlango, na picha moja tu ilikuwa ikiitesa kompyuta ile kutwa nzima. Sasa Sista Alice wa zahanati ya Dranya alitaka picha kumi na mbili za wodi ya kujifungulia, akina mama wasizalie tena kwenye varanda. Wageni wa kutoa pesa wangefika Ijumaa saa kumi jioni. Wasipoona kitu, wangekwenda kujenga kwingine.

Ndiyo maana wiki iliyopita aliibeba kompyuta hadi Arua kwa fundi Zéphyrin, Mkongo anayefufua mashine. Fundi akataja bei ya vipuri vipya: memori, kadi ya picha na pawasaplai. Eyotaru akakaa chini bila kukaribishwa.

"Milioni moja na nusu?"

"Na sanduku iko ile ile, dada. Utakuwa umenunua ng'ombe muzima kwa sababu uko na kamba." Akacheka. "Ukodi ingine. Iko mashine kubwa huko Finland, unaingia kwa intaneti, unalipa kwa saa. Saa sita, bei ya jogoo moja."

Fundi alilipa kwa kadi yake ya benki, Eyotaru akamrudishia pesa mkononi. Kisha fundi akamwekea ufunguo ndani ya kompyuta: faili moja dogo, na bila hilo mlango wa Finland haufunguki. "Saa sita zikiisha wanafuta kila kitu. Vuta picha zako mbele ya hapo."

Basi Ijumaa yenyewe, saa nne asubuhi, saa zake zikaanza kuhesabiwa. Kufika saa saba, picha saba zilikuwa tayari kule mbali, bado hazijavutwa. Hapo ndipo alipoingia Ramathan wa Idara ya Mashine na Vibanda, daftari kwapani, nyuma yake askari aliyebeba jiko la chapati la mtu.

"Mama, uko na karatasi ya mashine?"

"Karatasi gani tena, bwana ofisa? Ya kibanda nililipa."

"Kibanda ni kibanda. Hii iko mpya, tangu Jumatatu. Kila mashine inafanya kazi, elfu themanini."

Eyotaru akaona upenyo, ulimi ukamtangulia. "Basi hii umeikosa. Hii haifanyi kazi, inatazama tu kama wewe. Inayofanya kazi iko Finland."

Askari alicheka. Ramathan hakucheka. Aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, akaona kitanda cha wodi kinajichora chenyewe, polepole.

"Finland," akaandika. "Nani alikupa ruhusa kufungua tawi?"

"Tawi?"

"Mashine mbili, mahali mbili. Hiyo ni tawi. Lete ile ingine nione."

"Afande, iko ng'ambo! Nimeikodi mpaka saa kumi tu!"

"Umekodi, umenunua, umeiba, mimi hapana jua. Moja haina karatasi, ingine umeficha."

Askari akaweka jiko chini, akang'oa nyaya. Kompyuta ikabebwa. Eyotaru alibaki na ungo mkononi.

Njiani kuwafuata alimpigia Zéphyrin kwa kitochi chake, kile kisimu cha vitufe.

"Ufunguo ulikuwa mumoja, dada. Uko mule ndani."

"Niongezee saa basi!"

"Kadi iko tupu, na benki hapa mustari umefika barabarani."

Stoo ya ofisi ilikuwa na magunia ya makaa, majiko, magodoro mawili na mbuzi aliyefungwa dirishani. Kompyuta ilikaa juu ya makaa.

"Bwana Ramathan, niwashie dakika kumi tu. Hata ungo shika wewe."

"Kuwasha mali ya kushikwa? Hapana. Lipa ya mashine, lipa ya tawi, lipa ya kuficha. Laki tatu na ishirini." Akafikiri kidogo. "Tena umeme hakuna. Ofisi walitukatia."

Eyotaru alitazama balbu, akamtazama Ramathan, akarudi kwenye balbu. Ofisi inayodai watu karatasi za mashine, na yenyewe haina umeme wa kuwasha hata moja!

Saa kumi na dakika mbili kitochi kililia. "Dada, pole. Wamefuta."

Eyotaru mwenyewe akampigia Sista Alice, asije akasikia kwa wengine. "Sista, picha hazipo."

Upande wa pili zikasikika chupa za soda. "Wageni wameshakaa, mwanangu."

"Wapeleke kwenye varanda, waone kwa macho."

"Tumepita huko," akasema sista. "Walifunika pua. Sasa wanauliza barabara ya kurudi Arua."

Eyotaru alirudisha simu mfukoni, ilipokuwa nauli ya kwenda Dranya. Ramathan alikuwa amesikia.

"Kwa hiyo ile tawi imefungwa?"

"Imekufa."

"Basi fomu ya kufunga, elfu kumi. Usipofunga, kila mwezi inadaiwa."

Eyotaru akatoa ile nauli, maana haikuwa na safari tena. Akapewa fomu na kalamu inayokwaruza. Mahali pa tawi: Finland. Idadi ya wafanyakazi: hakuna. Sababu ya kufungwa: hapo akaandika kwa herufi kubwa, za mtoto wa darasa la pili, mtu asihangaike kusoma: RAMATHAN ALIKUJA.

Ramathan alihesabu pesa, hakusoma. Akagonga muhuri mara tatu. Nakala moja akaiweka kwenye faili, nyingine akaibandika kwa mkono wake kwenye ubao wa matangazo nje, kama utaratibu unavyotaka, na watu waliokuwa wakingojea majiko yao wakaanza kusogea kuisoma.