Povu Juu ya Kitanda cha Bi Harusi

Tangu asubuhi Bi Zeyana alikuwa akikihamisha kitanda cha mjukuu wake. Kutoka dirishani akakivuta mlangoni, kutoka mlangoni akakirudisha kati, na moyo bado haukutulia.

"Bibi, mie nnatayarishwa harusi au nnahamishwa nyumba?" Amne akauliza, kapakwa singo ya kung'arisha ngozi mpaka masikioni.

"Kuna kitu kinatafuna huko juu."

"Labda mawifi zangu, washaanza kunisema."

Bi Sichana, somo wake Amne aliyekuja kumfunda, akacheka hata singo ikamponyoka mkononi. Bi Zeyana hakucheka. Paa la chumba kile cha ghorofani lilishikwa na boriti za mkoko, juu yake bati. Kila ikikaribia masika alikuwa akizigonga boriti kwa mpini wa fagio, moja moja, akisikiliza. Nzima hulia ko. Mbovu hulia kama kibuyu kitupu. Mwaka jana mwanawe, Abdulwahid, akaleta watu wakapuliza povu chini ya bati. Likaumuka kama unga wa maandazi, likakauka, likazifunika boriti zote. Joto lilipungua, hilo hakulikana. Lakini sasa akigonga, sauti inamezwa. Pu. Utasema anagonga mto.

Abdulwahid akapanda ngazi, mkeka begani.

"Mama, ushaanza tena? Povu lile halipitishi maji."

"Na yakishaingia kwa juu, yatatokea wapi?"

"Hayaingii."

"Na mchwa?"

"Mchwa hali povu, Mama."

"Hata mie sili mlango, lakini si napita?"

Abdulwahid akainama kutandika mkeka, kama hakusikia.

Bi Sichana akatia udi kwenye chetezo. Zamani moshi ulijitokea wenyewe, pale ukuta unapoachana na bati. Siku hiyo ulitanda, ukawashika makoo. Amne akakohoa. Bi Zeyana, macho yakimchuruzika, akaona uzi mmoja wa moshi unapanda peke yake juu ya mto wa kulalia, unanyonywa ndani ya povu.

"Tazameni pale!"

Kitundu chenyewe kama punje ya mtama. Akachukua fagio. Safari hii hakugonga, alichoma, na mpini ukazama kama kwenye uji. Alipouchomoa yakafuata maji ya rangi ya chai, kisha udongo wa mchwa, kisha pande zima la povu na kipande cha boriti, chepesi kama ganda la muwa. Vyote vikaangukia juu ya ule mto wa kulalia.

Amne akaushika mkono wa bibi yake, singo na yote.

"Teremkeni," Abdulwahid akasema. Akajitwisha godoro, akatangulia.

Chumba cha chini boriti zake zilikuwa wazi, zimepakwa chokaa. Wakamwita Bi Zeyana akae, kahawa inapoa. Hakukaa. Aligonga hii, akagonga ile, shingo imekakamaa. Ko. Ko. Akataka kuliweka fagio.

"Ile ya pembeni, Mama," Abdulwahid akasema, "hujaigonga."

Akaigonga. Ko. Ndipo akaketi.