Upatu wa Mzee Tak

Mwanamke tusiyemjua aliingia karakanani asubuhi, akaweka gunia mezani bila hata kuvua koti. Ndani mlikuwa na upatu uliochomelewa ukingoni.

"Fundi Pyo, mimi ni Mi-gyeong, binti wa mzee Tak wa kule bondeni. Baba amefariki. Kesho tunamzika, na upatu wake, ambao tutampigia tukimsindikiza, unalia kama sufuria."

Baba aliketi taratibu. Bega lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji. Daktari alimwonya asishike nyundo kabla ya upasuaji, la sivyo mkono ule asiutegemee tena.

"Nani amechomelea hapa?"

"Fundi wa matrekta. Akauacha upoe polepole."

"Kadhani ni chuma huyo!" Baba alicheka kicheko cha kuchoka.

Chuma cha pua kikizamishwa majini kikiwa chekundu huwa kigumu, chepesi kuvunjika. Shaba yetu ya upatu, yenye bati jingi, ni kinyume. Ikipoa polepole, chembe zake hujipanga upya ikawa kama kigae. Ikishtuliwa kwa maji, hazipati muda wa kujipanga, nayo hubaki stahimilivu.

"Baba, usithubutu," nilisema. "Waazime upatu mwingine."

"Nilimwahidi nini mzee Tak?"

"Mlikuwa mmelewa wote wawili!"

"Nilimwambia upatu wake ukipoteza sauti nitairudisha. Pombe haifuti neno, binti yangu. Funga madirisha."

Nilifunga, ili rangi ya moto ionekane vizuri gizani, nikavukuta moto. Upatu ulipofikia wekundu wa pilipili kavu, niliuzamisha kwenye maji ya chumvi. Mvuke ukatumeza. Upatu ulitoka umepinda kama jani. Ilibaki kuunyoosha kwa nyundo na kuitafuta sauti yake, kazi ambayo mimi bado siiwezi.

Mi-gyeong alimwona baba akifungua bandeji. "Fundi, acha tu. Baba angeelewa."

"Baba yako? Angenitukana kutoka kaburini!"

Alipiga, akasikiliza, akapiga tena. Nyundo ikamponyoka. Nikaiokota, nikamrudishia, maana nilikwisha kuchoka kumkataza. Ilikuwa alasiri upatu ulipolia kwa sauti nzito iliyoanzia chini, ikapanda taratibu mwishoni kama mtu anayekwea mlima. Mi-gyeong akaficha uso.

Baba alitaka kumkabidhi upatu kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Wa kulia haukuinuka. Nikamwinua kiwiko, akampa.