Ulimi Mmoja kwa Shimo Moja

Udongo wa ziwa ulikuwa umebaki rundo dogo tu nyuma ya nyumba, chini ya turubai kuukuu, na Elpidia alikuwa akilitazama linavyopungua kama mtu anavyotazama unga ukiisha kwenye debe.

Baba yake, Mzee Tranquilino, alikuwa mchemsha chumvi wa mwisho upande wao wa Texcoco, huko Meksiko. Chumvi yao hutoka ardhini. Udongo wa aina tatu huchanganywa shimoni, hukanyagwa kwa miguu, humwagiwa maji, na yale yanayochuruzika chini ndiyo huchemshwa mpaka yakauke. Udongo wa shambani walikuwa nao. Wa manjano walikuwa nao. Wa ziwa, ule unaobeba chumvi yenyewe, ndio uliokuwa taabu.

Ziwa lenyewe hakuna aliye hai aliyeliona limejaa. Lililobaki ni uwanda mweupe, na kila serikali ilikuja juu ya uwanda huo na jambo lake. Walikuja wa nyasi za ng'ombe, ng'ombe hawakuja. Wakaja wa miti, wakaipanda kwa mistari, nayo ikafa kwa mistari. Mwisho wakaja wa uwanja wa ndege. Wakamwaga mawe mekundu kimo cha nyumba juu ya machimbo yote ya udongo, ili ardhi ile laini ishindiliwe. Kisha nao wakaondoka, wakaacha mawe, vyuma vilivyosimama nusu, na bango.

"Tukikosa udongo mwaka huu, nazima moto," Mzee alisema asubuhi moja. "Siwezi kuchemsha maji matupu kama mganga tapeli."

Elpidia alirudishia turubai juu ya rundo. Alimjua baba yake: alikuwa mtu wa kuongea mbele ya moto tu. Tangu mama afariki, siku ambazo hawakuchemsha, Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda na kofia kichwani, kama mgeni anayesubiri kuondoka. Moto ukizimwa moja kwa moja, atakaa hivyo mpaka lini?

Basi akaenda kwa Crispín, ambaye Mzee alimsimamia ubatizo, na ambaye siku za uwanja wa ndege alibeba mawe mekundu kwa lori lake.

"Kaka, nipeleke na baba ziwani."

"Kufanya nini? Ndege imechelewa bado," Crispín akacheka. Alipomwona usoni, akachukua ufunguo.

Langoni mlinzi alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha plastiki.

"Mnakuja kuiba nini?"

"Udongo," alisema Mzee.

"Chukueni. Mkipenda chukueni na bango, linanipigia kelele upepo ukija."

Wakazunguka sana. Kila mahali Mzee alipopakumbuka palikuwa na mawe. Alikuwa akinyoosha kidole dirishani, "Hapa alichimba babu yako," na hapo ni kilima chekundu. "Hapa, kando ya mfereji," na mfereji haupo. Hatimaye, nyuma ya ile miti iliyokufa, wakaona kipande cha ardhi kilichochanua weupe kama kimenyunyiziwa unga. Mzee akashuka, akapiga goti, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini.

Elpidia alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Shimo moja lina ulimi mmoja, ndivyo walivyorithi. Mtu wa pili akionja, ni sawa na kumwambia mwenye shimo mbele ya watu kwamba amekwisha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amekanyaga udongo ule tangu utotoni, na hakuwahi kuutia mdomoni hata mara moja.

Mzee alionja tena. Akatazama mbali, kule kwenye vyuma.

"Baba wa ubatizo, vipi?" Crispín aliuliza. "Tupakie au tuendelee kutalii?"

"Pakieni," alisema Mzee.

Wakapakia. Elpidia alichimba kwa furaha mpaka viganja vikachubuka, na njiani kurudi Mzee aliongea. Akasimulia jinsi mama yake Elpidia alivyokuwa akiwafukuza bata kwenye sufuria ya chumvi kwa ufagio. Elpidia hakuwa amesikia habari za bata wale kwa muda mrefu.

Wakachanganya udongo mpya na rundo lote lililobaki, kwa kuwa udongo mpya huhitaji ule wa zamani ili ushike. Wakakanyaga, wakamwaga maji, wakangoja. Maji yakachuruzika rangi ya chai. Kuni zikawashwa chini ya karai, na chumvi ikaanza kutanda juu, nyeupe kuliko walivyozoea. Elpidia alitamani kupiga vigelegele. Ilikuwa karibu na Juma Kuu, na wanawake wa sokoni walikuwa wameshaanza kuulizia chumvi ya kupikia mboga za Kwaresima.

Crispín alikuja na yai la kuchemsha mfukoni, alivyofanya kila mwaka. Akalimenya, akalichovya kwenye chumvi ingali moto, akauma.

Akatema.

"Mama wee! Baba wa ubatizo, umepika chumvi au sabuni?"

Alikuwa akicheka bado, akijifuta mdomo, akingoja atukanwe kama kawaida. Mzee hakumtukana. Aliendelea kukoroga. Hapo Crispín akaacha kucheka, akageuka kumtazama Elpidia.

"Inachoma," alisema polepole. "Kama chokaa. Upande ule malori mengine yalikuwa yanamwaga chokaa... Mimi nilikuwa wa mawe, dada. Kila mtu alimwaga chake. Nani angekumbuka?"

"Baba," alisema Elpidia. "Uliuonja."

"Niliuonja."

"Sasa?"

Mzee akaweka mwiko chini.

"Tangu ile homa iliyonilaza kitandani," alisema, "sisikii ladha yoyote. Chumvi, sukari, pilipili, yote ni maji. Nikadhani itarudi. Kila asubuhi nadhani itarudi."

Crispín alitazama yai mkononi mwake kama kwamba kosa lilikuwa la yai. Akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka.

Hapakuwa na cha kufanya. Udongo ukishachanganywa hauchambuliki, na rundo la nyuma ya nyumba lote lilikuwa mle shimoni. Elpidia alikaa chini kando ya baba yake. Moto bado ulikuwa unawaka.

"Nifundishe mimi," alisema. "Kesho tutarudi. Pengine kuna mahali hawakumwaga kitu. Mimi nitaonja. Wewe niambie tu natafuta nini."

Alitarajia baba atakasirika. Mzee alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Unatafuta... chumvi, lakini siyo mara moja. Inakuja nyuma. Halafu inakaa huku pembeni." Akagusa shavu lake. "Siyo kali. Ni kama... Mama yako alikuwa akisema ni kama... "

 Elpidia akaenda nyuma ya nyumba, akafunua turubai, akakwangua mavumbi yaliyobaki ardhini, yale yaliyokuwa udongo mzuri. Yalijaa ncha ya ukucha tu. Akarudi nayo, akayaweka ulimini mbele ya baba yake, na hakuona haya.

"Nasikia vumbi," alisema. "Halafu kitu kama chuma. Ndiyo hiyo?"

"Chuma vipi?"

"Chuma tu, baba. Kama ukilamba kijiko."

Mzee alifumba macho, akajaribu. Elpidia aliona mdomo wake ukitafuna hewa, ulimi ukitafuta kijiko hicho huku na huku.

"Sijui," alisema. "Labda. Sikumbuki kijiko kikoje."

Ladha ikamwisha Elpidia mdomoni alipokuwa bado akingoja jibu, na chini ya turubai hapakuwa na udongo mwingine wa kuonja.