Mawe Manne na Kifo cha Brigedia

Kwa masikitiko makubwa na suruali iliyochanika, natangaza kwamba ndege ya kivita iliyoegeshwa juu ya mteremko wa shule yetu tangu babu zetu wananyonya imepata ajali. Abiria watatu tumenusurika. Marehemu ni mmoja.

Kabla ya hapo nilikuwa nimebakiza kosa moja tu nifukuzwe. Hii ni shule yangu ya tatu, na mama aliapa kwamba ya nne haipo: nitakwenda kwa mjomba kuzibua vyoo.

Asubuhi ile tulikuwa tunamsubiri mkaguzi. Mkuu wa shule alinguruma paredini, "Kila jiwe la shule hii lipakwe chokaa. Kila jiwe!"

Mimi ni mtiifu. Nilikusanya kila jiwe, pamoja na yale manne yaliyozuia magurudumu ya ndege.

Chokaa ikikauka, nilijipumzisha kwenye kiti cha rubani. Rafiki yangu Kiazi akakaa nyuma na karanga zake. Mara matroni wa bweni huyo, funguo zinalia kiunoni.

"Shukeni, mashetani nyie!"

"Mama, tunaondoka. Panda au kaa kando."

Akapanda ili anikamate sikio. Matroni ni mama aliyeshiba. Ndege iliguna, ikaanza kutembea.

"Zima!"

"Nizime nini, mama? Haina injini!"

"Basi funga breki!"

"Breki zimepakwa chokaa!"

Tulipita katikati ya kamba za kuanikia nguo, tukavalishwa mashuka, tukabomoa ua wa mkuu na kutua juu ya Brigedia, jogoo wake, aliyekuwa akituamsha shule nzima saa kumi na moja alfajiri.

Mkuu alitoka na povu la kunyolea kwenye shavu moja. Akaokota unyoya.

"Nani aliondoa mawe?"

Nikaviona vyoo vya mjomba.

"Mimi, mwalimu. Ulisema kila jiwe."

Kiazi aliacha kutafuna.

"Ni kweli ulisema, mwalimu," matroni akaitika kutoka ndani ya shuka. "Hata mimi nilisikia. Sasa nitoeni, nimekwama."

Mkuu akanitazama mpaka povu likakauka.

"Hufukuzwi," akasema. "Lakini kesho nani atatuamsha?"

Kwa hiyo ukipita kwetu alfajiri ukamsikia jogoo anayebalehe akiwika juu ya tangi la maji, usicheke. Niko kazini. Jana mkuu alifungua dirisha akanikosoa: nimechelewa dakika mbili, na marehemu alikuwa akianza kwa kupiga mbawa.